Padri Mersenne na Namba Kubwa

Mwaka wa 1588, tarehe 8 Septemba, siku ya sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria, mtoto mwanamume alizaliwa katika nyumba ya wakulima karibu na kijiji cha Oizé, katika nchi ya Ufaransa. Akapewa jina la Marin. Jina la baba yake lilikuwa Mersenne. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe, hawakuwa na mali. Lakini walimwona mtoto wao kuwa apenda masomo, nao hawakumzuia. Wakampeleka shuleni katika mji wa Le Mans.

Mwaka wa 1604 mapadri Wayezuiti walifungua shule kubwa katika mji wa La Flèche. Kijana Marin alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, akakaa huko karibu miaka mitano. Baadaye akaja katika shule ile mtoto mwingine, mdogo kwake kwa miaka minane, jina lake René Descartes. Siku zile hawakuwa wenzi, maana mkubwa hachezi na mdogo. Lakini mtalisikia tena jina hili.

Kutoka La Flèche Marin akaenda Paris kusoma mambo ya dini. Huko akawaona watawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola. Watawa hawa huitwa Waminimi, maana yake wadogo kupita wote. Zaidi ya nadhiri tatu za watawa wengine, wao waliweka nadhiri ya nne: kufunga kama katika Kwaresima siku zote za mwaka, bila nyama, bila mayai, bila maziwa. Marin akaingia katika shirika hilo mwaka wa 1611, na baadaye akapewa upadri. Kwanza akatumwa mji wa Nevers kufundisha wanafunzi wa shirika. Mwaka wa 1619 akarudishwa Paris, akapewa chumba katika nyumba ya watawa karibu na uwanja wa mfalme. Chumba hicho ndicho kilichokuwa makao yake mpaka kufa.

Padri Mersenne alikuwa mtu mpole katika maneno ya kinywa, lakini kalamu yake ilikuwa kali, tena nyepesi mno. Mwaka wa 1623 alitoa kitabu kikubwa juu ya Kitabu cha Mwanzo. Ndani yake aliandika kwamba katika mji wa Paris peke yake wako watu 50,000 wasiosadiki kwamba Mungu yuko. Nani aliwahesabu? Hakuna. Ukurasa ule ukaondolewa katika vitabu vingi. Ninawaambia habari hii si kwa kumcheka padri mwema, bali kwa sababu mtaona kwamba kosa la namna hiyo lilimpata tena, na mara ya pili lilikaa muda mrefu kuliko miaka ya maisha yake.

Zamani zile hapakuwa na magazeti ya elimu. Mtu aliyevumbua jambo jipya alilificha, au aliwaandikia rafiki zake wachache tu. Padri Mersenne akafanya chumba chake kuwa kama soko la elimu. Aliandika barua Italia, Uholanzi, Uingereza, na katika miji yote ya Ufaransa. Akiulizwa jambo asilolijua, alilipeleka kwa mwingine. Jibu likija, alilinakili akalituma kwa watu wengine watano. Descartes, aliyekuwa sasa mtu mashuhuri, alikwenda kukaa Uholanzi ili asisumbuliwe, na kwa muda mrefu aliyejua mahali pa kumpelekea barua alikuwa Padri Mersenne. Huko Italia alikuwako Galileo. Mwaka wa 1633 Galileo alihukumiwa mjini Roma kwa ajili ya mafundisho yake juu ya mwendo wa dunia. Mwaka uliofuata Padri Mersenne alitoa kwa Kifaransa kitabu chake kingine, kilichohusu mashine za kuinulia vitu vizito. Wengine wangaliogopa.

Yeye mwenyewe alichunguza sana sauti. Alitundika nyuzi ndefu sana, ndefu hata jicho liliweza kuhesabu mara ngapi zatikisika, akaona kwamba uzi ukipunguzwa nusu, hutikisika mara mbili zaidi. Hayo aliyaandika katika kitabu kikubwa cha mwaka 1636. Mpiga zeze yeyote ajua jambo hilo kwa vidole vyake. Yeye alilijua kwa hesabu.

Lakini leo twataka kusema habari ya namba.

Twaeni maharagwe 12. Mwaweza kuyapanga safu 3 zenye maharagwe 4, au safu 2 zenye 6. Sasa twaeni maharagwe 7. Hata mkijaribu namna gani, hayatapangika kwa safu zilizo sawa, isipokuwa safu moja tu ndefu. Namba kama 7 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba za namna hii huitwa namba tasa. Hizi ndizo za kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13.

Tena iko namna nyingine ya namba, nayo ni adimu sana. Tazameni 6. Hugawanyika kwa 1, kwa 2 na kwa 3. Jumlisheni 1 na 2 na 3: mwapata 6 yenyewe. Ndiyo maana huitwa namba timilifu. Mtakatifu Agustino aliandika juu yake, akisema kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita kwa sababu namba hii ni timilifu. Inayofuata ni 28, kwa maana 1 na 2 na 4 na 7 na 14 ni 28. Inayofuata ni 496. Mwaona jinsi zinavyokaa mbalimbali.

Euklide, mwalimu wa Kigriki wa zamani za kale, alionyesha njia ya kuzipata. Andikeni 2, kisha mzidishe kwa 2 tena na tena: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Sasa toeni 1 katika kila moja: 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127. Katika safu hii ya pili, hatua ya 2 ni namba 3, hatua ya 3 ni namba 7, hatua ya 5 ni namba 31, hatua ya 7 ni namba 127. Hizo nne ni tasa. Kila mara mpatapo namba tasa katika safu ya pili, izidisheni kwa namba ya hatua iliyotangulia katika safu ya kwanza, nanyi mtapata namba timilifu: 3 kwa 2 ni 6; 7 kwa 4 ni 28; 31 kwa 16 ni 496.

Basi kazi yote ni moja: kujua ni hatua zipi zinazotoa namba tasa. Hapo ndipo penye shida. Wengine walidhani ya kuwa hatua ikiwa namba tasa, basi namba yake nayo ni tasa. Jaribuni hatua ya 11. Namba yake ni 2,047. Zidisheni 23 kwa 89 mwone. Mkifika mbele, namba huwa kubwa upesi sana, na hesabu ya kuzijaribu hushinda nguvu za mtu.

Mwaka wa 1640 Padri Mersenne alipokea barua juu ya jambo hilo kutoka kwa Pierre de Fermat. Huyu alikuwa hakimu katika mji wa Toulouse, naye alifanya hesabu kwa kujifurahisha tu, baada ya kazi ya mashauri. Mwitaliano mmoja, Cataldi, alikuwa amesema kwamba hatua ya 37 yatoa namba tasa. Namba yenyewe ni 137,438,953,471. Mnafikiri Fermat aliigawanya kwa namba zote, moja moja? Hata. Alikuwa amegundua kanuni: namba tasa yoyote inayoweza kuigawa namba ya hatua ya 37, mkiipunguza 1, lazima igawanyike kwa 74, yaani mara mbili ya 37. Basi za kujaribiwa ni chache: 75, 149, 223, na kuendelea hivyo. 75 si tasa, akaiacha. 149 ilibakiza. 223 ikaingia bila baki. Kwa jaribio la pili tu Mwitaliano yule akashindwa.

Padri Mersenne alifurahi sana kwa barua hiyo. Mwaka wa 1644 akatoa kitabu kipya kwa Kilatini, na katika dibaji yake akaandika orodha. Alisema kwamba mpaka hatua ya 257 ni hatua kumi na moja tu zinazotoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Nyingine hakuna. Zile saba za kwanza zilikuwa zimekwisha kuhakikishwa na watu waliomtangulia. Lakini zile nne za mwisho alizipata wapi? Hakuonyesha hesabu yake. Tena katika kitabu kile kile alikiri ya kuwa namba yenye tarakimu 15 au 20, muda wote wa ulimwengu hautoshi kuijaribu kama ni tasa. Na namba ya hatua ya 67 ina tarakimu 21. Hii hapa:

147,573,952,589,676,412,927

Aliandika basi neno ambalo alijua ya kuwa hakuna mtu awezaye kulihakikisha. Mwanafunzi akileta jibu bila hesabu, mwalimu humrudishia daftari. Lakini nani angemrudishia Padri Mersenne daftari lake? Watu wakasadiki, au wakanyamaza.

Miaka minne baadaye, wakati wa joto wa mwaka 1648, Padri Mersenne akashikwa na ugonjwa ubavuni. Waganga wakampasua, wasipate usaha mahali walipoutafuta. Akafa mjini Paris tarehe 1 Septemba 1648, akiwa karibu kutimiza miaka 60, na rafiki yake Padri Gassendi alikuwa pamoja naye. Kabla ya kufa aliomba mwili wake upasuliwe, ili waganga waone walipokosea na wajifunze kuwasaidia wagonjwa wengine. Katika chumba chake zilionekana barua za watu zaidi ya sabini.

Orodha ikabaki.

Miaka mia na zaidi ikapita. Mwaka wa 1772 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekaa Urusi, alionyesha kwamba hatua ya 31 ni kweli yatoa namba tasa, nayo ni 2,147,483,647. Wakati ule Euler alikuwa karibu kipofu kabisa. Basi hapo Padri Mersenne alikuwa amesema sawa, na watu wakazidi kumwamini katika nyingine.

Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas akapata njia mpya. Mwajua mnunuzi wa chungu afanyavyo sokoni: hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikitoa sauti mbaya, ajua kina ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Njia ya Lucas ilikuwa kama hiyo. Haitafuti namba inayogawa. Yaigonga namba tu na kusikiliza kama ni nzima. Akaigonga namba ya hatua ya 127, yenye tarakimu 39, ikawa nzima: ni tasa, kama alivyosema padri. Akaigonga namba ya hatua ya 67. Ina ufa.

Padri Mersenne alikuwa amekosa. Lakini ufa uko wapi? Ni namba gani mbili zinazozidishwa na kutoa namba ile? Lucas hakujua, wala mtu mwingine yeyote. Kwa kanuni ya Fermat, namba za kujaribiwa ni zile ambazo mkizipunguza 1 hugawanyika kwa 134. Mtu akizifuata moja moja, akajaribu moja kila dakika mbili kwa saa nane za kila siku, bila kupumzika hata siku moja, angeifikia namba inayotafutwa baada ya miaka 16 na zaidi, kwa maana ni ya 1,445,580 katika safu yake. Naye angepaswa kuwa hodari sana, kwa sababu kugawanya namba ya tarakimu 21 kwa dakika mbili si mchezo.

Aliyeipata alikuwa mwalimu wa Marekani, Frank Nelson Cole. Tarehe 31 Oktoba 1903 wanahesabu walikutana katika mji wa New York, na Cole alikuwa mmoja wa wale waliotakiwa kusema. Watu husimulia kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno. Akaandika 2, akaizidisha kwa 2 mpaka mara ya 67, akatoa 1. Kisha akaenda upande wa pili wa ubao, ambao haukuwa na maandiko, akaandika namba mbili, akazizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu mawili yakawa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Cole akarudi mahali pake akaketi, hakufumbua kinywa. Wote wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye imemchukua muda gani, husemwa alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu. Hakufuata njia ile ya kujaribu moja moja, bali njia za werevu zaidi. Hata hivyo ilikuwa kazi kubwa. (Natumaini kwanza alikwenda kusali.)

Nanyi mwaweza kumhakikisha Cole kwa jaribio la tisa mlilofundishwa. Jumlisheni tarakimu za 193,707,721: mwapata 37, 3 na 7 ni 10, 1 na 0 ni 1. Fanyeni vivyo hivyo na 761,838,257,287: ni 64, kisha 10, kisha 1. Mara 1 kwa 1 ni 1. Sasa jumlisheni tarakimu zote 21 za namba kubwa: ni 109, kisha 10, kisha 1. Yapatana. Lakini kumbukeni, jaribio la tisa laweza kuonyesha kosa, haliwezi kuthibitisha kwamba hesabu yote ni sawa. Mwenye bidii achukue karatasi pana azidishe mwenyewe.

Orodha ya padri ilikuwa na makosa mengine. Mwaka wa 1883 Ivan Pervushin, padri wa Kanisa la Kiorthodoksi katika kijiji cha Urusi, alionyesha kwamba hatua ya 61 yatoa namba tasa, na Padri Mersenne hakuiandika. Baadaye zikaonekana hatua ya 89 na ya 107, nazo alikuwa amezisahau. Tena hatua ya 257, ile ya mwisho aliyoiandika, haitoi namba tasa. Mpaka mwaka wa 1947 hatua zote zilikuwa zimekwisha kujaribiwa, na orodha ya kweli ikajulikana: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 61, 89, 107 na 127. Padri Mersenne alitia mbili zisizostahili, akaacha tatu zilizostahili. Marekebisho hayo yalidumu miaka 303.

Mtu aweza kuuliza kwa nini namba hizi hazikupewa jina la Euklide, au la Fermat, au la Lucas, walioonyesha hesabu zao. Wanahesabu wa nchi zote huziita namba za Mersenne. Mimi naona ni haki. Wengine waliyajua mambo wakayafungia. Yeye aliuweka mlango wake wazi, akaliacha swali mezani hata kila aliyekuja baadaye akalikuta. Lakini ingekuwa vizuri zaidi kama angaliandika pembeni mwa zile nne kwamba bado hajazijaribu.

Tangu mwaka wa 1952 kazi hii hufanywa na kompyuta, nazo zatumia bado njia ya namna ya Lucas. Mwezi wa Oktoba 2024 ilipatikana namba ya Mersenne iliyo tasa katika hatua ya 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Tukitia tarakimu 2,000 katika ukurasa mmoja, kuiandika yote twahitaji kitabu cha kurasa zaidi ya 20,000.